Malalamiko: kidau cha alumini mlichonishauri ninunue

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari zenu. Naandika kuhusu kile kidau cha alumini cha mita 2.7 nilichochukua kwenu miezi minne iliyopita, na kabla hamjaniambia nisome mwongozo, nishausoma, kurasa zenyewe nne tu.

Muuzaji wenu nilimweleza kila kitu. Nina yoti ya matanga, nataka kidau cha kutupeleka nchi kavu tukishatia nanga, kiwe chepesi watu wawili tuweze kukipandisha juu. Akasema hiki ndo chenyewe, kilo 38. Kumbe kilo 38 ni bodi tupu! Weka makasia na mbao za chini, nimepima mwenyewe, inafika 51 na mashine bado haijafungwa, sasa hapo nani anabeba?

Halafu ukingoni hakina mpira. Kidau cha kufungwa ubavuni mwa yoti kinakosaje mpira jamani? Usiku maji yakigeuka kinaanza ngo ngo ngo hadi asubuhi, hakuna anayelala, na rangi ya yoti yangu ina mkwaruzo mrefu kama mkono.

Ila kilichoniuma zaidi ni rangi. Niliomba rangi ya kupaka chini ili chaza na majani ya baharini yasishike, mkanipa yenye shaba, na mlijua kabisa naenda kupaka alumini. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi inakuwa kama betri, na inayoliwa ni alumini. Baada ya wiki sita nikaona vidoti vyeupe kama unga karibu na mkuku, ule uti wa chini wa kidau, nikakwangua kwa kucha, chini yake vishimo, kimoja kinaingia kichwa cha njiti ya kiberiti. Na pale kwenye ribiti za nyuma, vile vipini vya kuunganishia bati, maji yanapenya, kila asubuhi nafua ngama, yaani natoa maji yaliyojikusanya ndani, kwanza ndo safari ianze.

Nilipofungua kiti cha nyuma kutafuta panapovuja, ndani hamna foma hata kipande! Alumini haielei yenyewe, kikijaa maji hiyo foma ndo ingetushikilia. Hili sio la kuchukulia poa.

Sina ugomvi na alumini yenyewe, naburuta kwenye mawe yenye chaza bila wasiwasi, cha mpira kingeshachanika zamani. Ugomvi wangu ni kuuziwa kidau cha kuvulia ziwani kwa jina la kidau cha yoti.

Naomba mkichukue mnirudishie hela yote, au mnipe kilichochomelewa badala ya ribiti, chenye mpira kuzunguka ukingo wote na foma chini ya kila kiti. Gharama ya kupaka upya ubavu wa yoti ni juu yenu. Risiti na picha nimeambatanisha, nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, msinipigie simu maana ya simu mnayakana baadaye.

Kopo la rangi iliyobaki nitawaletea pamoja na kidau.

Mteja wenu