Hoteli za Malindi, mwezi wa nne mmelala, tuchukulieni watoto

Mhariri,

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Malindi, kazi yangu nyingi iko mahotelini, na naandika kuziomba hoteli zichukue wanafunzi wa sekondari likizo ya Aprili wajifunze kazi, manake nimechoka na hizi picha za kila mwaka, meneja anampa mwalimu mkuu mabegi na vitabu, wanacheka, basi. Si vibaya, asante, lakini mtoto wa mitaa kama Muyeye ama Kisumu Ndogo akimaliza kidato cha nne begi lishachanika zamani na ndani ya hoteli hajawahi kukanyaga, labda pale nje bichi akiuza bangili.

Mwaka jana likizo ya Aprili nilichukua vijana wawili wa kidato cha tatu, shule ya kutwa, wajifunze kazi kwangu. Mmoja siku ya kwanza kaja saa mbili na nusu ametota jasho, nikamgombeza, kumbe katoka Ganda kwa miguu, nauli hana na kusema anaona haya (haya zikanirudia mimi). Toka siku ile nauli na chakula cha mchana juu yangu. Wiki ya pili ashajua kusafisha kondensa (ile sehemu ya friji ama AC inayotoa joto nje) iliyoliwa na chumvi ya bahari, tena anapokea simu ya mteja aliyekasirika bila kubabaika. Hilo la simu, mtoto ambaye kwao hakuna alieajiriwa ataliona wapi?

Sasa Pasaka ikipita wageni hakuna mpaka Juni huko, ndio wakati tunaitwa mafundi, makuti yanaezekwa upya, rangi inapigwa, friji zinafunguliwa zote, na watoto nao wako nyumbani tu. Kwa hivyo mameneja wakiniambia "hatuna nafasi" sielewi. Waajiri wanalipa NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani) shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, pesa ya mafunzo hiyo, na wanafunzi wa atachimenti (mazoezi ya kazini) wanapokea, lakini ni wa koleji, na aliekosa karo ya koleji huko hafiki.

Wazazi nao wanaogopa, hasa wenye mabinti, na wana haki, mji wetu twaujua. Basi iwe mchana pekee, mwalimu apite kuangalia, na mtoto asiwekwe kuosha sufuria wiki mbili halafu iitwe mafunzo.

Mimi Aprili nachukua wawili tena. Meneja anaetaka hata mmoja aulize shule iliyo karibu na geti lake, asingoje barua ya wizara.

Fundi wa friji,
Malindi