Afisa mstaafu anapoandika riwaya ya ujasusi

Ndugu Mhariri,

Hadithi nyingi za kijasusi magazetini zina ugonjwa mmoja: shushushu yuko peke yake. Anamfuata mtu kutoka Kabwe hadi Soweto, mitaa ya hapa Mbeya, miwani myeusi usoni, na hakuna anayemshtukia. Mbeya hii? Mgeni akisimama dakika kumi mbele ya duka lilelile pale Mwanjelwa, mama muuza ndizi keshamuuliza anamsubiri nani.

Kumfuata mtu kwa miguu hutaka watu watatu kwa uchache. Wa kwanza yuko nyuma ya anayefuatwa, wa pili nyuma ya wa kwanza, wa tatu ng'ambo ya barabara. Anayefuatwa akikata kona, wa kwanza hakati naye. Ananyoosha mbele, na yule wa ng'ambo anashika nafasi yake. Kinachovuruga kazi hiyo ni daladala kuliko bastola. Jamaa akidandia Hiace inayoondoka, watatu wote wameachwa kituoni. Wakidandia nao, wamekaa naye goti kwa goti.

Mahali pa kuachia ujumbe nako kuna kanuni zake. Pawe pale ambapo wote wawili wana sababu ya kupita, na alama ya kuonyesha kwamba mzigo umewekwa iwe kwingine kabisa. Alama ya chaki haivumilii mvua za huku, na kopo la bati litaondoka na waokota skrepa kabla ya saa nne asubuhi.

Mambo ya namna hii ndiyo mtaji wa afisa mstaafu wa usalama anayeandika riwaya. Siri za kazini aziache zilipo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haichezewi, na kwa wenzetu ni vilevile: mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Frank Snepp, aliyekuwa afisa wa CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, apokonywe mapato ya kitabu chake kwa kutokiwasilisha kikaguliwe kwanza, ingawa serikali haikudai kwamba kina siri.

Kubadilisha majina peke yake hakutoshi. Bosi mnene anayechechemea, mkazi wa Iyunga, mtaa mzima utamtambua hata ukimwita Sultani. Chukua mwendo wa huyu, kikohozi cha yule, kaunda suti ya mwingine, kisha hamisha mwaka na tukio.

Matukio ya kuhamishia yapo tele. Mgagao, Iringa, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Mwaka 1979 makomando wa Rhodesia, Zimbabwe kabla ya uhuru, walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, Zambia, reli hii hii inayopita Mbeya. Mtungie karani wa stesheni anayeijua ratiba ya treni za mizigo na ana deni dukani, riwaya imeshaanza.

Na tafadhali, waandishi wasiruke makaratasi. Ripoti nzuri hutenganisha mambo matatu: alichokiona mtoa habari, alichosikia, na anachodhani. Mkubwa aliyeko Dar es Salaam, mwenye haraka ya kikao, akilisoma la tatu kana kwamba ni la kwanza, kuna mtu atakamatwa Tunduma bila kosa. Hapo hata bastola haihitajiki.

Msomaji wako,
Forest, Mbeya