Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Panga Tulizozichunguza na Mapendekezo kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Muda mwingi wa chama mwaka huu umekwenda kwenye utambuzi wa panga za Kijapani, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi. Hesabu za fedha mhazini atazisoma mwenyewe kwenye mkutano. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na walio nyuma nawaomba wakamilishe kabla ya siku hiyo.

Baadhi ya waliotuletea panga ni watoto na wajukuu wa askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, iliteremka Bonde la Kabaw huko Burma katika mvua kubwa na matope, ikiwasukuma Wajapani hadi Kalewa kando ya mto Chindwin. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Louis Mountbatten, kamanda mkuu wa Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, alitaka maofisa wa Kijapani wakabidhi panga zao mbele ya watu, na Terauchi Hisaichi, kamanda mkuu wa Wajapani eneo hilo, mwenyewe alikabidhi zake Saigon mwezi Novemba. Panga nyingi sana zilitoka Asia kwa njia hiyo, zikaenda kuning'inia kwenye kuta za nyumba za watu wasiojua kusoma kilichoandikwa juu yake.

Karibu kila anayekuja kwetu ameambiwa nyumbani kwamba upanga wake ni wa samurai. Wachache huwa ni kweli. Ruhusa ya kutembea na upanga hadharani iliondolewa Japani mwaka 1876, na wahunzi wengi wakakosa kazi. Jeshi lilipopanuka miaka ya 1930 lilihitaji panga haraka. Mwaka 1934 lilikubali muundo wa shingunto, yaani upanga mpya wa kijeshi, kwa maofisa, wenye sura ya tachi, upanga wa zamani wa samurai, na mwaka 1935 ukatoka upanga wa masajini, uliotengenezwa kwa mashine.

Huu wa masajini ndio rahisi kuutambua, na ndio unaoghushiwa kuliko yote. Mpini wake ni wa metali ya kumimina, mara nyingi alumini, uliochongwa ufanane na kamba zilizosukwa kisha ukapakwa rangi. Unashikwa kwa skrubu. Bapa lina mfereji, na namba imegongwa karibu na kinga ya mkono. Ala nayo huwa na namba yake, na mbili hizo zikilingana ni heri. Mwanachama akiona mpini wenye mapovu ya kalibu, namba za kina kisicho sawa na mfereji uliopinda, asitoe fedha. Nakala za aina hiyo zimejaa sokoni.

Kwa panga za maofisa kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu ofisa alijinunulia upanga wake. Aliyekuwa na upanga wa ukoo aliuvalisha mpini na ala za kijeshi akaenda nao vitani. Ndiyo maana sisi hatutoi neno lolote kabla ya kuvua mpini.

Nitaeleza upanga mmoja tuliouvua mwaka huu. Kwa nje ulikuwa shingunto ya kawaida: ala ya chuma ya rangi ya kahawia iliyobonyea, kamba za mpini zimekatika upande mmoja, ngozi ya samaki aitwaye taa chini yake imegeuka rangi ya samli. Tulisukuma kijiti cha mwanzi kikatoka bila taabu, kisha tukagonga kifundo cha mkono unaoushika hadi bapa likalegea. Nakago, yaani ile sehemu inayokaa ndani ya mpini, ilikuwa na matundu matatu, na moja lilikuwa limekatwa nusu kwenye ncha ya chini. Kutu yake ilikuwa nyeusi, laini, imeshikamana na chuma kama ngozi. Jina la mhunzi halikuwepo. Upanga huo uliwahi kuwa mrefu zaidi, ukafupishwa kutoka chini, na jina likaondoka na kipande kilichokatwa. Tulipouinamisha chini ya taa moja tuliona nyuzi za chuma kilichokunjwa na kufuliwa, na mstari wa makali uliotiwa maji ukiwa na chembe ndogo zinazometa. Kamati imeridhika kwamba ni upanga wa kabla ya 1600. Mwenyewe alikuwa ameutunza kwa kuogopa kuugusa tu, na hofu hiyo ndiyo iliyouokoa.

Mwingine hakuwa na bahati hiyo. Nakago yake ilikuwa imesuguliwa kwa msasa hadi ikang'aa kama kijiko. Huenda ulikuwa upanga mzuri, lakini umri wa nakago tunausoma kwenye kutu na kwenye alama za tupa, na vyote viwili vimefutwa. Hakuna fundi anayeweza kuvirudisha. Naomba kila mwanachama awaambie ndugu na majirani: nakago haisafishwi, na makali hayanolewi kwa jiwe la jikoni. Bapa lifutwe kwa kitambaa safi, lipakwe mafuta kidogo ya panga yenye karafuu, ambayo harufu yake waliokulia Pemba wataijua hata gizani, basi.

Kuhusu mihuri. Muhuri wa Seki (mji wa wahunzi wa Japani) au wa Showa (enzi ya Mfalme Hirohito) kwenye nakago kwa kawaida ni dalili ya upanga wa wakati wa vita usiofuliwa kwa njia ya jadi, mara nyingi wa chuma cha kiwandani kilichochovywa kwenye mafuta badala ya maji. Muhuri wa nyota ni habari nyingine: wahunzi waliokubaliwa na jeshi walipewa tamahagane, chuma cha mchanga wa madini na mkaa, na walifua kwa mikono. Vivyo hivyo panga zilizofuliwa katika uwanja wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, kati ya 1933 na 1945. Tarehe ikiwa ya enzi ya Showa, ongeza 1925: Showa 17 ni mwaka 1942. Jina lisiwatie wazimu. Jina la Kotetsu, mhunzi mashuhuri wa karne ya 17, limeghushiwa tangu zama zake, kwa hiyo kazi ya bapa ipimwe kwanza, ndipo jina liaminiwe au likataliwe.

Msimamo wangu mnaujua, nao unahitaji kura yenu. Upanga wa kiwandani una thamani yake. Ulibebwa na mtu, ukaingia vitani, na wakati mwingine bado una kibao cha mbao kilichofungwa siku ya kujisalimisha, chenye jina la mwenyewe. Kinachoharibu ni kuuza wa kiwandani kwa jina la wa jadi. Napendekeza sajili yetu iandike kila upanga kwa aina yake halisi, pamoja na picha ya nakago pande zote mbili, na mwanachama atakayeuza kinyume cha sajili aondolewe.

Sheria pia zitiliwe maanani. Uingereza tangu 2008 hairuhusu kuuza wala kuingiza panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi, isipokuwa zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia ya jadi. Japani, upanga wa kiwandani hauwezi kusajiliwa. Ukiupeleka huko utachukuliwa na kuharibiwa. Hili linagusa wale wanaotaka kurudisha panga kwa familia za wenyewe, nia ambayo naiunga mkono kwa moyo wote. Waanze kwa kutuma picha za jina na za nakago, na upanga usisafirishwe mpaka aina yake ijulikane.

Mkutano utajadili pendekezo la sajili, ununuzi wa taa ya uchunguzi na vitambaa, na ombi la familia moja la kuhifadhiwa upanga wao wa Burma na chama. Nafasi zinazogombewa ni ya mwenyekiti na ya katibu msaidizi. Fomu ziko kwa katibu, na zirudishwe wiki moja kabla ya mkutano.

Mwenyekiti