Tusingoje jino liume ndipo tumtafute mganga wa meno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi wenzangu, walimu wakuu na viongozi wa afya wa wilaya juu ya jambo linalonisumbua sana kila ninapowatazama watoto wa darasa la kwanza ninaowafundisha hapa Bombo. Wengi wetu humwendea mganga wa meno mara moja tu, nayo ni siku ya kung'olewa jino. Kukaguliwa kinywa na kusafishwa meno wakati hakuna kinachouma tunakuhesabu kuwa anasa ya wenye mishahara mikubwa wa Kampala, ilhali kazi hiyo ndiyo inayomwepusha mtu na koleo.

Kosa letu kubwa ni kuyafanya maumivu kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Gamba la nje la jino halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo tundu linaweza kulichimba kwa miezi mingi pasipo mwenye jino kuhisi lolote, na siku anayokosa usingizi kwa uchungu, uozo huwa umekwisha kufika kwenye kiini. Maradhi ya fizi ni ya hila zaidi. Utando laini unaojengeka juu ya meno kila siku huondoka kwa mswaki, au kwa msuaki wa mti kwa anayejua kuutumia vizuri. Lakini ukiachwa hugandishwa na madini yaliyomo katika mate ukawa ukoga mgumu, na ukishafika hapo hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoubandua. Huhitaji vifaa na mkono wa mtaalamu. Usipoondolewa, fizi huvimba, hutoa damu mtu anapopiga mswaki, kisha mfupa unaoshika jino huanza kuliwa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu yoyote, hadi meno mazima yasiyo na tundu hata moja yanapoanza kucheza.

Hapa sina budi kujibu hoja ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu waliosoma, kwamba kusafishwa meno hospitalini hulegeza meno na kuyaachanisha. Ninaelewa inakotoka. Mtu aliyekaa miaka mingi na ukoga mzito huinuka kwenye kiti akihisi mianya asiyoijua na baridi inayochoma, akaamini kwamba ameharibiwa. Ukweli ni kwamba mianya hiyo ilikuwapo, ila ukoga ulikuwa umeijaza, na nyama ya fizi iliyovimba ikaificha; jino lililolegea lilikwisha kupoteza mfupa wake kabla ya siku hiyo. Anayesafishwa mapema, ukoga ukiwa bado kidogo, hakutani na mambo hayo. Nawasihi wahudumu wa meno wamweleze mgonjwa hivyo kabla ya kuanza kazi, kwa maana mmoja akitoka na hofu huwazuia jirani zake wote.

Kuhusu mara ngapi mtu aende, wengi wamesikia kuwa ni kila miezi sita. Si sheria kwa kila mtu. Mwongozo wa tiba unaofuatwa Uingereza, kwa mfano, humwachia mganga apange kati ya miezi 3 na miaka 2 kwa mtu mzima kulingana na hali yake, na kwa mtoto usipite mwaka 1. Mwenye kisukari, mvuta sigara na mama mjamzito, ambaye fizi zake huvimba kwa urahisi, wanahitaji kuonwa mapema kuliko wengine.

Mtoto ndiye anayeniumiza moyo zaidi. Anapofikia umri wa miaka 6, ambao ndio umri wa kuingia darasa la kwanza nchini mwetu, humchipukia gego la kudumu nyuma ya meno yote ya utoto. Halichukui nafasi ya jino lililong'oka, na kwa sababu hiyo mzazi hulidhania kuwa nalo ni la utoto, akaliacha lioze akitumaini kwamba litaota jingine. Halioti jingine. Nimewaona watoto wanaotafuna kwa upande mmoja tu na ambao hawawezi kusikiliza somo kwa sababu ya gego hilo. Kama mama angezoea kumpeleka mtoto kwa mhudumu wa meno tangu meno ya kwanza yanapotokea, pengine tungewaokoa pia wachanga ambao, wakipata homa na kuhara, hupelekwa kwa watu wanaowachimba fizi kwa madai ya kuondoa "meno ya uongo", yaani vijino vichanga vilivyo bado ndani ya fizi ambavyo hudhaniwa kuwa ndivyo vinavyoleta ugonjwa.

Nina ombi ambalo naamini halihitaji fedha nyingi. Aprili na Oktoba wahudumu wa afya huja shuleni kugawa dawa za minyoo. Wilaya zimwongeze mhudumu wa meno kutoka kituo cha afya cha ngazi ya nne katika msafara huo, akague vinywa vya darasa la kwanza akiwa na kioo kidogo na tochi, na mzazi aandikiwe kikaratasi cha kumwambia gego lipi linahitaji kuzibwa. Na kwa kuwa ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, Wizara ya Afya ihakikishe kwamba mzazi huyo akifika kituoni na kikaratasi chake atakuta vifaa vya kuziba na kusafisha, si koleo na sindano ya ganzi peke yake.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bombo, Uganda