Barua kwa Zainabu: naomba ufunguo wa chumba cha uani

Mombasa,
28 Machi 2026

Kwa rafiki na dada yangu mpendwa Zainabu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba Idi mliila kwa furaha huko Unguja. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama mkwe miguu bado inamsumbua, Swaleh amepata kazi bandarini, na Bi Zuhura ameshinda ile kesi yake. Najua umeninunia kwa kukunyamazia tangu Rajabu, na haki unayo; lakini nakuomba uiweke hasira hiyo kando mpaka umalize kusoma, kwa sababu nina haja kubwa nawe, na haja yenyewe haielezeki kwa simu. Ndiyo maana nimemkabidhi Mwinyi barua hii, naye atapanda basi la Tanga Jumatatu asubuhi.

Haja yangu ni ufunguo wa chumba cha uani, pale kwa marehemu mama yako, Mlaleo.

Tafadhali usikatae kwanza. Mwezi wa Januari, nilipokuwa nikienda kufungua duka pale Barabara ya Biashara, kila asubuhi nilimkuta mwanamke mmoja na watoto watatu kwenye baraza letu. Niliwapita siku tisa, Zainabu. Nilikuwa nikitoa salamu, nikisukuma mlango, nikiingia ndani kukunjua leso zangu. Siku ya kumi niliwahi zaidi, nikawakuta bado wamelala, na ndipo nilipoona kwamba viatu vya watoto, jozi tatu za plastiki, kimoja kimeshonwa kwa waya, vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa nguo, na ncha ya utepe ule imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa mama yao ili mwizi akivivuta usiku, yeye aamke. Alipofungua macho na kuniona nimesimama, jambo la kwanza alilosema ni, “Mama, utusamehe, batoto banalala bado.” Baraza lilikuwa limeshafagiliwa. Si letu peke yake, bali na la jirani wa kulia na wa kushoto, ili asiwepo wa kusema kwamba wamechafua.

Anaitwa Mama Espérance, kwa jina la binti yake mkubwa mwenye miaka kumi na mmoja. Wa pili ni Josué, miaka saba, na wa mwisho ni Baraka, ambaye bado hajafika miaka mitatu. Kwao ni Bukavu, Kongo, na alikuwa akiuza mandazi karibu na soko la Kadutu. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, mumewe, ambaye alikuwa dereva wa bodaboda, alikuwa amebeba abiria kuelekea Uvira, na tangu siku hiyo hawajaonana. Alimfuata Uvira, hakumpata. Akavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, akapanda gari la moshi mpaka Dar es Salaam, akaosha vyombo mkahawani kwa miezi kadhaa, kisha mtu mmoja akamwambia kwamba Mombasa kuna kazi za hoteli, akachukua akiba yake yote ili amfikishe. Mtu huyo aliwavusha Lunga Lunga, akawaleta mpaka kivukoni Likoni, akasema anakwenda kununua maji. Mama Espérance alimngojea pale mpaka usiku, kwa kuwa hakutaka kuamini, na watoto wakawa wanamuuliza maji yako wapi.

Utauliza kwa nini hakwenda kambini, kama ndugu yako Athumani alivyoniuliza. Mimi pia nilimuuliza. Akanijibu kwamba shangazi yake aliingia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, mwaka 1996 akiwa na mtoto mgongoni, na mpaka leo yumo, na mtoto yule naye amezaa mumo humo. Huku kwetu aliambiwa habari za kambi ya Kakuma. Sikuwa na la kumwambia. Hata hivyo hajajificha: amekwenda kujiandikisha, anayo karatasi yake ya miadi, ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni na kuishonea ndani ya gauni. Nilimuuliza Faiz, yule wa Mtwapa, akaniambia kwamba kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 2021 mtu aliyeomba hifadhi hawezi kurudishwa alikotoka wakati ombi lake linasubiri kuamuliwa. Kwa hiyo usiwe na hofu kwamba nakuingiza katika jambo la magendo.

Nataka kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipoketi naye na daftari la dukani, nalo ni kwamba kukosa chumba ni ghali kuliko kukodi chumba. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za Tudor, siku akipata kazi analipwa shilingi 350. Choo cha kulipia, shilingi 10 kwa kila anayeingia, watu watatu mara mbili kwa siku, ni 60. Kuoga ni 60 nyingine. Kwa kuwa hana pa kuwasha jiko, alilazimika kununua chakula kilichopikwa: chai ya rangi na mahamri asubuhi 100, wali kwa maharagwe sahani mbili usiku 160, wakila wanne. Mwenye kibanda anayemwekea mkoba mchana anataka 20. Zikusanye, Zainabu: ni 400 kwa siku ambayo amepata 350, na si kila siku anapata. Unga nusu kilo, fungu la mchicha na mkebe wa makaa havifiki 200, lakini uvipikie wapi? Chumba cha 3,000 kwa mwezi ni shilingi 100 kwa siku. Angeweza kulipa. Tumezunguka naye Ziwa la Ng'ombe, Majengo, mpaka Mikindani, na kila mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine papo hapo, kisha anataka kitambulisho. Mmoja alizipokea pesa, akazihesabu, akamsikia akisema “batoto” kwa Kiswahili cha Kongo, akazirudisha.

Na ubaya wa hesabu ile ni kwamba haionyeshi mambo mengine. Akienda kufua, Espérance ndiye anayebaki na wadogo zake chini ya mti pale Makadara, mtoto wa miaka kumi na mmoja, tangu asubuhi mpaka alasiri, akiambiwa asizungumze na mtu wala asisogee. Mvua ikinyesha, mama anaacha nguo za watu kwenye karai na kurudi mbio, na nyumba hiyo haimwiti tena. Usiku halali, anasinzia tu. Akaniambia kwamba si njaa inayomchosha, bali ni kutofumba macho yote mawili kwa wakati mmoja.

Katikati ya Februari askari wa kaunti walipita usiku kuondoa watu barazani. Walichukua mkoba wenye sufuria, shuka na daftari la shule la Espérance, ambalo alikuwa amelibeba tangu Bukavu. Siku hiyo niliwachukua nikawaleta kwangu. Unaijua nyumba yangu: vyumba viwili, na sisi tulikuwa watano kabla yao. Wanalala sebuleni, na mama mkwe, ambaye nilimhofia kuliko wote, amempenda Josué mpaka anamgawia chai yake. Jumamosi moja Mama Espérance aliona kisamvu Kongowea, akashika mdomo kwa furaha, akasema kwao ni sombe. Alikipika kwa mawese aliyoyatafuta nusu siku nzima, nasi tumezoea kukila kwa nazi, lakini sufuria ilirudi tupu. Mambo yangekuwa hivyo tu ningekuwa nimenyamaza. Lakini mwenye nyumba amekuja mara mbili, na ameniambia mwisho wa Aprili wageni wawe wametoka, la sivyo nitoke nao.

Kuhusu shule, mwalimu mkuu wa kwanza alitaka cheti cha kuzaliwa na hakutaka kusikiliza zaidi. Faiz alinisomea kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kwamba elimu ya msingi ni bure na ya lazima kwa kila mtoto, na neno lililoandikwa ni mtoto, hapakuandikwa mtoto wa nani. Nikaenda shule ya pili nikiwa na ujasiri huo, na sikuuhitaji, kwa kuwa mwalimu mkuu wa pale ni mama mzima mwenye imani. Alimpa Espérance kitabu asome. Kifaransa anakijua vizuri, Kiingereza bado, na Kiswahili chake watoto wa hapa wanakicheka, jambo linaloniuma, maana ni Kiswahili alichonyonya kwa mama yake kama sisi tulivyonyonya chetu. Mwalimu amekubali kuwapokea wawili muhula wa pili unapoanza mwishoni mwa Aprili. Ameuliza jambo moja tu: wanakaa wapi?

Ndipo nilipokumbuka chumba cha uani.

Juma lililopita nilikwenda Mlaleo, nikapita kumsalimia Mzee Juma na wapangaji wa mbele, nikaingia uani. Kufuli limeshika kutu. Nilichungulia kwenye dirisha, na nyuma ya mlango nikaliona lile komeo la mti, bado lipo. Sijui kama unakumbuka lilitoka wapi. Mwaka 1992, tukiwa darasa la pili, Wasomali walipojaa kambi ya Utange, Bi Halima alipougua, mama alimchukua yeye na wanawe wawili akawaweka chumba kile. Bi Halima alikaa siku tatu bila kulala, mpaka mama akamuuliza tatizo ni nini, akasema mlango unafungwa kwa nje tu. Mama akamwita fundi Saidi jioni ileile, akatia komeo la ndani. Mimi na wewe tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti tukila ubuyu, na fundi akatuambia tusogee. Nimeliona komeo hilo kwa macho yangu, nikashindwa kuondoka pale kwa muda.

Najua Athumani anataka chumba kwa kuwekea saruji yake. Nimezungumza naye, kwa heshima zote, na akanijibu kwamba watu hawa wakiingia hawatoki, na kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Espérance jembe analiomba tangu siku ya kwanza. Kwangu hajawahi kukaa bila kushika ufagio au karai. Amependekeza mwenyewe alipe 1,500 kwa miezi mitatu ya mwanzo, mpaka biashara ya mandazi isimame, kisha 2,500. Mimi ndiye nitakayekuwa mdhamini, na akishindwa mwezi wowote utanidai mimi. Mzee wa mtaa ameiona karatasi yake na ameandika jina lake. Bati linavuja upande wa jikoni. Swaleh atabadilisha mabati manne kwa gharama yangu, kabla mvua za masika hazijakolea. Sikuombi utoe kitu mfukoni mwako. Naomba mlango unaofungwa kwa ndani, na mama hayupo wa kumwomba, umebaki wewe.

Nikiri pia kwamba huenda Athumani atakasirika nawe kwa ajili yangu, na hilo linanisumbua, kwa sababu ninyi ni damu moja na mimi ni rafiki tu. Ukiona uzito ni mkubwa, niambie wazi, sitakulaumu, nami nitaendelea kutafuta. Lakini isome barua hii mara ya pili kabla hujaamua.

Sasa nijibu haya. Je, Shangazi Mwanaisha atanipa ufunguo nikimwonyesha maandishi yako, au ni lazima umpigie mwenyewe? Kodi nikuwekee wewe, au niipeleke kwa Athumani ili moyo wake utulie? Cherehani ya mama ingali ndani: niihamishie kwangu, au iachwe? Ikiachwa, Mama Espérance anajua kushona, je, ungemruhusu aitumie kushona sare za watoto? Wanaruhusiwa kuteka maji kisimani pamoja na wapangaji wa mbele? Nani amwambie Athumani, wewe au mimi? Na wewe mwenyewe unakuja lini? Miaka miwili ni mingi mno, Zainabu.

Mwinyi atarudi Alhamisi, tarehe 9 Aprili. Mpe jibu yeye, hata kama ni mstari mmoja. Nimemwambia Mama Espérance kwamba nimeandika barua kwa rafiki yangu, lakini sikumwambia ni ya nini, ili asianze kungoja.

Wasalimie wote, na umbusu Khadija kwa niaba yangu.

Wako,
Rukia