Mada ya Jumamosi: Madison na hofu ya wengi

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi saa kumi jioni tunaendelea na mizizi ya demokrasia ya Marekani. Wanafalsafa Locke na Montesquieu tumeshawagusa, safari hii tukae na James Madison, mmoja wa waasisi wa Katiba ya Marekani, hasa makala yake ya Novemba 1787, ile namba 10 ya Federalist, mfululizo wa makala za kuitetea Katiba hiyo. Naomba muisome kabla, ni fupi.

Angalieni anavyotenganisha demokrasia na jamhuri. Kwake, demokrasia ni raia wachache wanaokutana na kujiamulia wenyewe. Jamhuri huendeshwa na wawakilishi. Anachohofia ni wengi kuungana na kuwakandamiza wachache. Dawa yake? Nchi iwe kubwa na maslahi yawe mengi, ili kundi moja lisiweze kuwaburuza wengine kirahisi. Hapo ndipo nataka tubishane kwelikweli, maana Katiba iliyoandikwa mwaka huohuo ilihesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na kura hawakuwa nayo. Ni wachache gani hasa waliokuwa wakilindwa?

Mwenye zamu ya kuongoza aje na maswali mawili. Asiyeweza kufika aandike maoni yake humu kabla ya Ijumaa usiku.