Mafundi, msifute mfumo wa mteja kwa sababu ya kubadilisha diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa kompyuta wa Dar es Salaam, hasa wa Kariakoo na Posta, pamoja na wateja wanaowapelekea mashine zao. Mtu akiomba kompyuta yake ya zamani iongezewe kasi, mara nyingi hubadilishiwa diski, huongezewa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha hurudishiwa mashine iliyopigwa Windows upya bila kuulizwa kama alitaka hivyo. Picha na nyaraka zake huokolewa iwapo alikumbuka kusema, lakini programu zake na mipangilio yake yote huwa imekwenda.

Ufutaji huo hauna ulazima. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazoingia nchini zina diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde na hushuka chini sana ya hapo inapotafuta mafaili madogo yaliyotawanyika, ilhali SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya kawaida, yenye kiunganishi cha SATA, hufikia megabaiti 500. Mashine za namna hiyo zinacheleweshwa na diski, wala si na mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe. Kwa hiyo yote yaliyomo kwenye diski ya zamani, pamoja na zile sehemu zilizofichwa ambazo kompyuta huzihitaji ili iwake, yanaweza kunakiliwa jinsi yalivyo hadi kwenye SSD kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. RAM ni rahisi zaidi, mradi aina zilingane, kwa maana RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii penye nafasi ya kizazi cha DDR4.

Nimewahi kusikia mafundi wakisema kwamba leseni ya Windows itagoma. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungamana na ubao mama (bodi kuu ya ndani ya kompyuta), hivyo kubadilisha diski au RAM hakuigusi. Kinachoniuma ni kwamba mashine iliyokuwa na Windows halali hupigwa nakala ya wizi, iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni isiyojulikana imetoka wapi, na mwenye mashine hulipia kazi hiyo akiamini kuwa amehudumiwa vizuri. Mwenye duka anayetunza hesabu zake kwenye programu aliyoinunua miaka mingi iliyopita huumia kuliko wote, kwa sababu programu hiyo ikiwekwa upya hudai namba ya usajili, na aliyemuuzia huenda hapatikani tena.

Sikatai kwamba ipo siku ya kufuta. Mfumo ulioliwa na virusi ukinakiliwa, virusi navyo vinahamia kwenye diski mpya. Vilevile Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mteja aelezwe waziwazi hatari ya kubaki bila masasisho ya usalama, kisha aachiwe mwenyewe uamuzi wa kubaki na mfumo alionao, kuhamia Linux (mfumo endeshi mwingine ulio wa bure) au kununua mashine nyingine.

Kwa fundi anayetaka kuifanya kazi hii kwa uangalifu, aulize kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayoficha data kwa ufunguo wa siri) na ufunguo wake wa dharura uko wapi, asibadilishe mpangilio wa AHCI au RAID (namna kompyuta inavyowasiliana na diski) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kuwa mfumo uliohamishwa unaweza kukataa kuwaka, na asiiguse diski ya zamani mpaka mteja amefungua programu zake zote na kuridhika.

Napendekeza pia kwamba risiti ya kupokea mashine iandikwe wazi kama mfumo utahamishwa au utawekwa upya, na mteja atie sahihi kabla ya kazi kuanza. Diski ya zamani nayo arudishiwe mkononi anapokuja kuchukua mashine yake, kwa sababu imebeba nyaraka na taarifa zake binafsi, ambazo nchi hii imezitungia sheria ya ulinzi tangu mwaka 2022, na si kipuri cha kubaki dukani na kuuzwa kwa mtu mwingine.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam